Udongo wa Chungu na Uhai Uliofukuzwa

Mmea wa shambani ukikosa chakula hapa, mzizi wake hukitafuta pale. Mmea wa kwenye chungu hauna pa kwenda: chakula, maji na hewa yake vyote hutegemea kile ambacho mkono wa mtu umetia humo. Kwa hiyo historia ya udongo wa chungu hutuonyesha vizuri watu wa kila zama waliamini nini kuhusu udongo wenyewe. Mara nyingi historia hiyo husimuliwa kama safari ya kutoka uchafu kwenda usafi: zamani watu waliokota samadi na majani yaliyooza, kisha sayansi ikaja na mifuko safi isiyo na vijidudu. Ushahidi hauungi mkono masimulizi hayo. Sayansi iliupa udongo wa chungu kipimo, na kipimo kilihitajika sana. Lakini kila mahali ambapo uhai wa udongo ulifukuzwa, ilibidi urudishwe, na mara nyingi waliourudisha walikuwa wanasayansi wenyewe.

Kupanda katika vyombo ni jambo la kale. Michongo ya hekalu la Malkia Hatshepsut huko Deir el-Bahari, Misri, ya karne ya 15 KK, inaonyesha miti ya ubani ikibebwa ndani ya vikapu pamoja na mizizi yake kutoka Punt, nchi ambayo wataalamu wengi huiweka kusini mwa Bahari ya Shamu, upande wa Pembe ya Afrika. Kule Versailles, Ufaransa, jengo kubwa lililokamilika mwaka 1686 lilihifadhi michungwa ya mfalme wakati wa baridi. Miti hiyo iliishi ndani ya masanduku ya mbao na kutolewa nje kila kiangazi. Hakukuwa na mfuko wa udongo wa kununua, kila bustani ilijitengenezea wake. Watunza bustani wa Uingereza wa karne ya 19 walikata mabapa ya nyasi pamoja na mizizi na udongo wake, wakayapanga kwa tabaka, nyasi zikitazama chini, na samadi katikati ya tabaka. Rundo likaachwa miezi sita au mwaka mzima mpaka nyasi zikaoza. Ndipo likakatwa kwa sepeto kutoka juu hadi chini, likachanganywa na mboji ya majani na mchanga mkali. Kazi kubwa ndani ya rundo hilo ilifanywa na viumbe ambavyo mtunza bustani hakuviona. Mwaka 1881 Charles Darwin alichapisha kitabu kuhusu nyungunyungu baada ya kuwafuga ndani ya vyungu nyumbani kwake na kuwatazama usiku wakivuta majani kuyaingiza mashimoni. Alikadiria kuwa katika sehemu nyingi za Uingereza tani zaidi ya 10 za udongo hupita matumboni mwao kila mwaka katika ekari moja.

Hata hivyo, si haki kuisifu enzi hiyo bila kutaja hasara zake. Kila bwana bustani alikuwa na mchanganyiko wake, mara nyingine mmoja kwa kila aina ya mmea, na aliufunza kwa mazoea tu. Miche mingi ilikufa kwa kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina pale linapogusa udongo, mche ukalala chini usiku mmoja. Katika miaka ya 1930 tatizo hilo liliikumba Taasisi ya John Innes, iliyokuwa Merton karibu na London, ambako tafiti za urithi zilihitaji maelfu ya mimea inayokua kwa usawa. William Lawrence na John Newell walijaribu mchanganyiko mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1939 wakachapisha kitabu chenye matokeo yao. Kwa kuotesha mbegu walipendekeza sehemu 2 za udongo tifutifu, 1 ya piti (masalia ya mimea ya kinamasi ambayo hayajaoza kabisa) na 1 ya mchanga. Kwa kukuzia miche, sehemu 7 za udongo, 3 za piti na 2 za mchanga, pamoja na chokaa kidogo na mbolea yenye unga wa kwato na pembe, supafosfeti na salfeti ya potasiamu. Udongo ulipitishwa kwenye mvuke wa moto kwanza ili kuua vimelea. Taasisi haikuufungia ujuzi huo. Iliuchapisha ili yeyote autumie, na bustani nyingi zilinufaika.

Ukiitazama kwa makini, kazi hiyo haikuwa tangazo la vita dhidi ya uhai. Udongo wao bado ulitoka kwenye marundo ya nyasi zilizooza, na mvuke uligusa udongo peke yake. Piti na mchanga viliachwa kama vilivyo. Hatua iliyofuata ndiyo iliyokwenda mbali. Tangu Justus von Liebig achapishe kitabu chake cha kemia ya kilimo mwaka 1840, wengi walikwisha kuzoea kuuona udongo kama ghala la chumvichumvi. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walisambaza michanganyiko isiyo na udongo kabisa: piti pamoja na vamikulaiti, yaani madini yaliyochomwa yakafura. Michanganyiko hiyo ilikuwa myepesi, ilifanana kila mara na kusafirishwa kwa urahisi, na hizo ni faida za kweli. Lakini ndani yake mmea hushikiliwa tu, na chakula hutoka dukani, kipindi baada ya kipindi. Piti nayo huongezeka kinamasini kwa takriban milimita 1 kwa mwaka. Kina cha mita moja ni kazi ya miaka elfu.

Hoja nzito zaidi ya wanaotetea udongo usio na uhai ni ugonjwa: aliyeona sinia zima la miche likiangamia ana sababu ya kuogopa udongo wa kuokota. Jibu lake lilipatikana katika uwanja huohuo wa mvuke. Kenneth Baker wa Chuo Kikuu cha California, mhariri wa mwongozo mashuhuri wa vitalu uliotoka mwaka 1957, alionyesha kwamba udongo uliochemshwa hadi nyuzi 100 huwa uwanja usio na mwenyewe. Kimelea kikirudi, hata kwa tone la maji machafu, huenea haraka kwa sababu hakuna wa kukizuia. Akahimiza mvuke uliochanganywa na hewa, nyuzi 60 kwa dakika 30, unaoua vimelea vingi na kuacha hai sehemu ya viumbe vyenye manufaa. Baadaye Harry Hoitink wa Chuo Kikuu cha Ohio State alionyesha kwamba magome ya miti yaliyooza vizuri kuwa mboji huzuia maradhi ya kuoza mizizi katika mimea ya vyungu. Kwa hiyo kinga ya chungu iko katika wingi wa wakazi wema, mradi mboji iwe imepata joto la kutosha na kuiva.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake, na ni wa wazi kuliko wote. Misindano iliyoletwa kutoka Amerika ilipooteshwa katika vitalu vya nchi za tropiki ambamo haikuwahi kuota, miche ilidumaa na kugeuka manjano hata ilipopewa mbolea. Kilichokosekana ni kuvu wanaoishi na mizizi yake, ushirika ambao Mjerumani Albert Bernhard Frank aliupa jina la mikoriza mwaka 1885. Dawa ilikuwa udongo wa kuchota chini ya misindano iliyokwisha kukomaa, uliochanganywa na ule wa kitalu, na miche ikachangamka. Upande wa mboji, mtaalamu wa kilimo Albert Howard alitengeneza utaratibu wake wa kuiandaa kule Indore, India, kati ya 1924 na 1931, na mwaka 1933 shamba la kahawa la Kingatori karibu na Kiambu, Kenya, likaanza kuutumia.

Iko hoja nyingine: chungu si shamba, na udongo wa shambani ukitiwa chomboni hushindiliwa na kutuamisha maji. Ni kweli, na ndiyo maana kipimo cha Lawrence na Newell hakipaswi kutupwa. Lakini hewa na maji huhitaji mpangilio, na mpangilio hauhitaji kuua kitu. Wakazi wa Kibera, Nairobi, wanaopanda sukuma wiki katika magunia wanalijua hilo. Bati lisilo na kitako husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa mawe. Udongo uliochanganywa na samadi huwekwa kulizunguka. Bati huvutwa juu kila tabaka linapopanda, hadi nguzo ya mawe inapofika juu. Maji humiminwa kwenye nguzo hiyo yakasambaa hadi chini, na miche hupandwa katika matundu ya ubavuni. Watunza vitalu wetu nao hujaza viriba kwa udongo wa msituni, samadi na mchanga, bila kununua hata mfuko mmoja.

Kinachopungua kwetu ni uandishi na upimaji wa ujuzi huo. Michanganyiko mingi ya magunia na viriba hupita kwa mdomo, kama ile ya mabwana bustani wa kale, na aliyeikosea hupoteza msimu bila kujua kosa lilikuwa wapi. Vyuo vya kilimo na maafisa ugani wangefanya jambo la maana kwa kuipima kwa ndoo: sehemu ngapi za udongo mwekundu, ngapi za samadi ya mbuzi iliyoiva, ngapi za mchanga wa mtoni, kwa nyanya, kwa mchicha, kwa mche wa mwembe, kisha waichapishe kwa Kiswahili bila malipo. Taasisi ya John Innes ilifanya hivyo mwaka 1939. Sisi tunaanza na kitu ambacho warithi wake walilazimika kukirudisha: udongo ambao bado uko hai.