Wakili wa Siku ya Kwanza: Kesi za Ulevi Barabarani Nachingwea na Ruangwa

Dereva anayekamatwa usiku kati ya Ruangwa na Nachingwea akiwa amelewa, awe wa lori la korosho au wa bodaboda, mara nyingi hufika mbele ya hakimu akiwa ameshaikata kesi yake mwenyewe: atakiri, atalipa faini, atarudi kazini. Ndugu wakimshauri aweke wakili, huwajibu kwamba wakili ni wa kesi za mauaji na za mashamba, si wa kosa la barabarani. Wapo wanaolisikia jibu hilo wakasema watu wa Kusini hawajui sheria. Mimi nasema wanaijua vizuri sheria waliyofundishwa. Kwa zaidi ya miaka 100 mahakama zilizowafikia zilijengwa kwa dhana kwamba mtu wa bara ya Lindi atasimama kizimbani peke yake, na mazoea ya kukiri haraka yametoka huko. Anayetaka kuchagua wakili wa kesi ya ulevi barabarani hana budi kuanzia kwenye historia hiyo, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kazi ya wakili huyo iko wapi.

Wajerumani walipoitawala Lindi, waliweka utaratibu wa adhabu kwa Waafrika ulio mbali kabisa na ule wa Wazungu. Amri ya Kansela wa Ujerumani ya Aprili 1896 ilimpa mkuu wa boma mamlaka ya kuhukumu viboko, faini na kifungo cha minyororo, na chini yake maakida na majumbe waliamua mashauri madogo vijijini. Mtetezi hakuwa na nafasi, kwa maana aliyekamata, aliyeshtaki na aliyehukumu waliweza kuwa mtu mmoja. Waingereza walibadilisha majina na kuleta Mahakama Kuu mwaka 1920, lakini sheria yao ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929 iliziondoa mahakama hizo mikononi mwa majaji na kuziweka chini ya maofisa wa utawala, na mawakili wakafungiwa mlango. Tume ya Bushe, iliyochunguza haki za jinai Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1933, ilipendekeza majaji na mawakili wapewe nafasi kubwa zaidi. Watawala walipinga kwa hoja ambayo bado inasikika leo: wakili atachelewesha haki na kumchanganya mwananchi wa kawaida. Waliosema hivyo ndio haohao ambao kazi yao ya uhakimu ingekaguliwa na wakili huyo, na kwa hiyo ushauri wao haukustahili kupokelewa kama wa mtu asiye na maslahi.

Gari ndilo lililoileta sheria ya barabarani Nachingwea kwa kishindo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea zikiwa vituo vyake, kwa lengo la kulima zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta na malori yakamiminika, bandari ya Mtwara na reli ya kuelekea Nachingwea zikajengwa, na vijana wengi wakajifunza udereva na ufundi wa magari. Mpango ukavunjika mwaka 1951 baada ya kula mamilioni ya pauni, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini udereva ulibaki kuwa kazi ya heshima. Dereva aliyekosa wakati ule alifikishwa kwenye mahakama ya chini iliyokaliwa na ofisa wa wilaya mwenyewe. Kisheria wakili aliruhusiwa kuingia humo. Kiuhalisia mawakili wa Tanganyika walikuwa wachache, karibu wote wakiwa Wahindi na Wazungu, na ofisi zao zilikuwa Dar es Salaam na katika miji michache mikubwa. Haki iliyoandikwa kwenye kitabu ilikuwa safari ya siku kadhaa kutoka mahali kosa lilipotendeka.

Kesi ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1958 inaonyesha pengo hilo lilivyokuwa. Aliposhtakiwa Dar es Salaam kwa kuwakashifu maofisa wawili wa wilaya katika gazeti la TANU, alitetewa na D. N. Pritt aliyetoka Uingereza, akisaidiwa na mawakili wa hapa, na mwisho akatozwa faini ya shilingi 3,000. Mtu mwenye chama nyuma yake aliweza kumpata mtetezi wa kiwango hicho. Dereva wa Nachingwea aliyekabiliana na ofisa wa cheo kilekile hakuwa hata na wa kumwuliza. Baada ya Uhuru mengi yalifanyika kwa kasi ya kusifika. Kitivo cha Sheria kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, na sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka 1963 ikaunganisha mahakama za wenyeji na za serikali katika mfumo mmoja usiobagua rangi. Hata hivyo mlango wa Mahakama ya Mwanzo ulibaki umefungwa kwa mawakili, na sheria ya mwaka 1984 ikaendeleza katazo hilo. Safari hii sababu ilikuwa na uzito zaidi: shauri liende kwa Kiswahili, wazee wa baraza wakae na hakimu, na mwenye fedha asimlemee jirani yake kwa kumnunua msemaji. Naikubali sehemu ya hoja hiyo. Ila matokeo yake yalivuka mipaka ya Mahakama ya Mwanzo, kwa maana wananchi ambao mahakama pekee waliyoizoea ilikuwa hiyo walijifunza kwamba mahakamani mtu hujisemea, nao wakaenda hivyohivyo mpaka Mahakama ya Wilaya, ambako kesi za barabarani kwa kawaida hufikishwa na ambako haki ya kutetewa na wakili ilikuwepo siku zote.

Mwaka 1973 mambo mawili yalitokea ambayo ni kiini cha hoja hii. Kwanza, Bunge lilitunga Sheria ya Usalama Barabarani. Sheria hiyo inatenganisha kosa la kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari na kosa la kuendesha ukiwa na kilevi kilichozidi kiwango kwenye damu. Kiwango chenyewe ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu, kilekile ambacho Uingereza ilikiweka mwaka 1967. Kosa la kwanza huthibitishwa kwa ushahidi wa walioona na kunusa, la pili kwa kipimo. Pili, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitoa uamuzi katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, unaofuatwa mpaka leo, juu ya namna ya kupokea ukiri. Mshtakiwa asomewe shtaka na kila kipengele chake kwa lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, kisha mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakubali au kuyapinga. Akionyesha kupinga jambo la msingi, liandikwe kwamba amekana.

Sasa tazama jibu la kawaida la dereva: “Ni kweli, nilikunywa.” Kunywa pombe si kosa. Uraka wa mabibo hunywewa kijijini kila msimu, na aliyekunywa akalala kwake hana kesi. Shtaka linadai zaidi: kwamba aliendesha, kwamba ilikuwa barabarani, na kwamba ulevi ulimtoa katika uwezo wa kulimudu chombo au ulivuka kiwango kilichopimwa. Jibu la maneno matatu haligusi hata nusu ya hayo, na hakimu makini hawezi kulipokea kuwa ukiri kamili. Lakini katika chumba chenye mashauri mengi, mshtakiwa akiwa na haraka ya kutoka, jibu kama hilo linaweza kuandikwa kuwa amekubali kosa, na baada ya hapo sheria haimruhusu kukata rufaa dhidi ya kutiwa hatiani. Kinachobaki ni kulalamikia adhabu tu. Mahakama Kuu ilieleza mwaka 1983, katika shauri la Laurence Mpinga, njia chache za kutokea: ukiri usiokamilika au wenye utata, kukiri kwa kutoelewa, shtaka lisilojulikana kisheria, au maelezo ambayo hata yangekubaliwa yote yasingeweza kuzaa kosa. Ni njia nyembamba, na anayezihitaji inambidi apeleke rufaa Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa Lindi na Mtwara masjala yake kwa miaka mingi imekuwa Mtwara. Wakili anayewekwa baada ya hukumu huingia mlango ukiwa umeshakaribia kufungwa. Anayehitajika ni wakili wa siku ya kwanza.

Hali nyingine mbili zilimzidishia dereva upweke. Kwa miaka mingi polisi walikuwa wakamataji na pia waendesha mashtaka katika mahakama za chini, mpaka sheria ya mwaka 2008 ilipounda Ofisi ya Taifa ya Mashtaka na kazi hiyo ikaanza kuhamia kwa mawakili wa serikali hatua kwa hatua. Kumbukumbu za Mahakama ya Wilaya nazo ziliandikwa kwa Kiingereza, hata pale kila aliyekuwemo chumbani alipokuwa akizungumza Kiswahili, mpaka marekebisho ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Ongeza hapo faini za papo kwa papo, zile shilingi 30,000 ambazo kila dereva anazijua, zilizoshushwa kuwa 10,000 kwa bodaboda na bajaji mwaka 2021. Zimewazoesha watu kuliona kosa la barabarani kama ankara ya kulipwa. Shtaka la ulevi si ankara. Linaweza kumnyang’anya mtu leseni, na kwa dereva wa kuajiriwa leseni ndiyo mshahara.

Kuna pingamizi zito ambalo sitaki kulipita: kwa nini tumhangaikie mlevi aliyehatarisha roho za watu? Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, fedha za minada huingia vijijini wakati uleule mabibo yanapoiva, na barabara hujaa malori, pikipiki na watembea kwa miguu wasio na taa. Gongo nayo haijatoweka, ingawa utengenezaji wake umedhibitiwa kwa sheria tangu mwaka 1966. Anayegongwa ni mtoto wa mtu. Nalikubali pingamizi hilo kwa uzito wake wote, na ndiyo sababu nataka ukiri usimame imara. Hukumu iliyojengwa juu ya ukiri mbovu ikibomolewa kwenye rufaa, aliyegongwa hupoteza pamoja na Jamhuri. Wakili mzuri wa siku ya kwanza hamfichi mteja mwenye hatia. Akiona kipimo kilichukuliwa sawasawa na mashahidi wapo, humshauri akiri kwa kuelewa, kisha humwombea adhabu ya wastani kwa sababu za kweli. Asipoona ushahidi huo, hulidai shtaka lithibitishwe. Mwathirika na mtuhumiwa wote wanastahili rekodi ya namna hiyo.

Pingamizi la pili ni la fedha: ada ya wakili inaweza kuizidi faini yenyewe, na wakili akitoka Mtwara, Lindi au Masasi mteja humlipia nauli na kila kuahirishwa. Ni kweli, na mkulima anayesubiri malipo yake kupitia RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hana akiba ya kuchezea. Lakini hesabu hiyo inadhani lazima wakili anunuliwe kwa kesi nzima. Mteja anaweza kupatana naye kwa kazi ya kwanza tu: kuisoma hati ya mashtaka, kumsikiliza, kusimama naye siku ya kusomewa shtaka. Msaada wa kisheria wa serikali upo kwa sheria tangu mwaka 1969, ila hutolewa pale mahakama inapoona haki inaudai na mshtakiwa hana uwezo, na kesi za ulevi barabarani si rahisi kufika hapo. Kilicho karibu zaidi ni wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na sheria ya mwaka 2017. Hawaruhusiwi kumtetea mtu mahakamani, lakini wanaweza kumweleza kabla hajaingia nini maana ya kukiri, na elimu hiyo haigharimu nauli ya Mtwara.

Leo mawakili walioandikishwa nchini wamepita 10,000, na tangu mwaka 2021 wanaweza kuingia hata Mahakama ya Mwanzo pale inapokaliwa na hakimu mkazi. Pamoja na wingi huo vishoka hawajaisha, wale wanaovizia nje ya mahakama wakiahidi kwamba wanamfahamu mtu ndani. Mwenye kuahidi matokeo mkatae, hata kama jina lake liko kwenye orodha. Jina likaguliwe kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, uhakikishe cheti chake cha mwaka huu kiko hai. Kisha mwulize maswali mawili: nimeshtakiwa kwa kushindwa kulimudu gari au kwa kuzidi kiwango, na nikijibu kwamba nilikunywa itaandikwa nini? Asiyeweza kukujibu hayo kwa Kiswahili chepesi, huku hati ya mashtaka iko mbele yake, usimlipe. Na kama siku imefika hujapata wakili, mwombe hakimu akupe muda wa kumtafuta kabla hujajibu shtaka.