Milango Tunayoipita Kila Siku: Historia Yetu Katika Majengo ya Mji Mkongwe wa Unguja

Kamati ya maadhimisho iliponitaka niandike machache juu ya historia, niliona nisirudie habari za hekalu letu, kwa kuwa wenzangu wamezieleza vyema katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Nimechagua kuandika juu ya nyumba za makumbusho na majengo ya kale ya Mji Mkongwe. Mgeni anayeshuka melini asubuhi huwa ameyazungukia yote kabla ya jua kutua, ilhali mtoto wa Hurumzi au Malindi hupita mbele ya milango yake kila siku akienda shule, na huenda akafikia umri wa kuoa bila ya kuvuka kizingiti cha hata mmoja. Mwaka 2000 shirika la UNESCO liliuingiza mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ulimwengu umeutambua, sisi wenyewe je?

Tuanze na upepo, maana ndio uliotuleta. Wazee wetu wa Kutch na Kathiawar waliondoka Mandvi na Porbandar kwa majahazi wakiufuata upepo wa kaskazi, wakarejea kwao kwa kusi. Aliyekosa msimu alibaki Unguja kungoja mwingine, na wengi waliongoja hawakuondoka tena. Alama zao zimo katika Kiswahili chenyewe, maana maneno kama gari, bima, hundi na laki yana asili ya upande wetu wa bahari. Zimo pia katika milango. Mwenye kuitazama vizuri milango ya mji huu ataona ile yenye vizingiti vya juu vilivyonyooka, ambayo kwa desturi huitwa ya Kiarabu, na ile yenye upinde juu au vibao vidogo vidogo vya kukunjwa, ambayo mafundi huiita ya Kihindi au ya Kigujarati. Hilo ni somo la kwanza, tena halina kiingilio.

Somo la pili lipo Forodhani. Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwashinda Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Ukitoka hapo ukafuata barabara ya Mizingani kuelekea bandarini, utafika kwenye Zahanati ya Zamani yenye roshani za mbao zilizonakshiwa kama lesi. Aliyeianzisha ni Tharia Topan, Mkhoja kutoka Kutch na tajiri mkubwa wa zama zake. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, ulipoadhimishwa mwaka wa 50 wa utawala wa Malkia Victoria wa Uingereza. Tharia alifariki mwaka 1891 kabla kazi haijakamilika, na jengo likamalizika mwaka 1894. Baadaye lilichakaa hata likakaribia kuanguka, mpaka taasisi ya Aga Khan ilipolikarabati katika miaka ya 1990. Kumbe jengo lililokata tamaa huweza kurudishiwa uhai, ikiwa mwenye kujali atatokea kwa wakati.

Somo la tatu ni zito, wala sitalikwepa. Kanisa la Anglikana la Mkunazini limejengwa juu ya uwanja wa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na ujenzi ukaanza mwaka huo huo. Askofu Edward Steere, aliyeusimamia ujenzi, ni miongoni mwa watu walioitumikia sana lugha ya Kiswahili kwa tafsiri na vitabu vya sarufi. Inaelezwa kwamba madhabahu imesimama mahali ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Nje, shimoni, zipo sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni, zilizochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998. Sijamwona mtu aliyezitazama kisha akaondoka anacheka.

Sisi Wahindi tukisimama hapo tusijifanye watazamaji tu. Kwa sehemu kubwa ya nusu karne, kuanzia miaka ya 1830, ushuru wa forodha ya Unguja ulikusanywa na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch. Na Tharia Topan naye aliishika kazi hiyo kwa muda. Matajiri wetu ndio waliowakopesha wenye misafara ya bara, akiwemo Tippu Tip, bidhaa na fedha za safari. Misafara hiyo ilirudi na pembe za ndovu, na ilirudi na watu. Wapo pia Wahindi waliomiliki watumwa, hata mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rigby, akawalazimisha wale waliokuwa chini ya himaya ya nchi yake kuwaacha huru. Daftari la biashara lenye ukurasa wa mapato bila ya ukurasa wa madeni ni daftari la uongo. Kama tunajivunia zahanati na roshani, basi tuusome na ukurasa huu mbele ya watoto wetu na mbele ya jirani zetu. Ujirani wa kweli haujengwi juu ya jambo linalofichwa.

Somo la nne ni la Kasri. Beit al-Sahel, lililofanywa makumbusho mwaka 1994, linaonesha maisha ya masultani, na humo kimetengwa chumba cha Sayyida Salme. Binti huyu wa Sultani Said alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, akaolewa na Mjerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu za maisha yake. Mwenye bibi aliyevuka bahari akiwa bibi harusi kijana, asiweze tena kuonana na mama yake, ataielewa habari ya Salme bila ya kufafanuliwa.

Jirani na Kasri ndipo lilipo Jumba la Maajabu, Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Liliitwa hivyo kwa ukubwa wake na kwa mambo mapya ya zama zile, umeme na lifti. Mwaka 1896 lilinusurika mizinga ya Waingereza katika vita isiyofika saa moja. Halikunusurika uzembe wa miaka. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati ukiendelea, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Safari hii tulizika na watu.

Nami nauza vifaa vya ujenzi, kwa hiyo niseme jambo ninalolijua. Nyumba zetu za kale ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko; upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti. Kuta za namna hii hupumua. Mwenye nyumba anapozipaka saruji kwa kutafuta wepesi, unyevu na chumvi hubaki ndani, na ukuta huoza taratibu huku ukionekana mzuri kwa nje. Saruji ni riziki yangu, lakini ukuta wa chokaa unataka chokaa. Bati linalovuja nalo lizibwe kabla ya masika, kwa sababu boriti ikishalowa haina dawa.

Nini basi tufanye? Kwanza, kila familia itenge siku moja katika mwaka huu wa maadhimisho, ianzie Ngome Kongwe, iishie Mkunazini, na iulize mapema ni majengo gani yako wazi, kwani mengine hufungwa kwa matengenezo. Pili, tualike majirani; babu wa Kiswahili wa mtaani anajua habari za nyumba zetu ambazo sisi tumezisahau. Tatu, tuzitoe sandukuni picha, hundi na madaftari ya zamani. Wengi wa jamaa zetu walihama baada ya mwaka 1964 wakaacha karatasi nyuma, na mchwa hawajui kusoma Kigujarati. Tuandike majina nyuma ya picha maadamu wapo wazee wanaozitambua sura, kisha tuzipeleke Nyaraka za Taifa pale Kilimani zihifadhiwe.

Hekalu letu nalo ni jengo la mji huu, na siku moja litasimuliwa na watu tusiowajua. Watakachokisema kitategemea tunachokitunza sasa na ukweli tutakaowaachia.