Mtoto akikataa kupanda bembea: Namna wazazi wanavyoweza kupokezana zamu

WAZAZI wengi wanaowapeleka watoto Machakos siku za likizo hukumbana na jambo ambalo halikuwamo katika mipango ya safari yao. Familia imeamka alfajiri, imepita makutano ya Kyumbi ikaingia mjini, imefika katika bustani ya People's Park iliyo kando ya bwawa la Maruba, na tiketi zimekwisha kununuliwa. Hapo mmoja wa watoto anaitazama bembea ikizunguka, anashika nguo ya mamake na kutamka kwamba hapandi.

Kuanzia dakika hiyo siku nzima huweza kuharibika kwa njia mbili. Ama mtoto huyo anabebwa kwa nguvu na kuketishwa bembeani akilia, ama familia yote inakaa kwenye nyasi ikinung'unika kwa sababu ya mtu mmoja. Ipo njia ya tatu, nayo ni watu wazima kupokezana zamu: mmoja apande na watoto walio tayari huku mwingine akibaki na aliyekataa, kisha wabadilishane.

Njia hiyo yaonekana rahisi inaposimuliwa, lakini wengi huishindwa kwa kuwa huanza kuifikiria wakiwa tayari kwenye foleni.

Bustani ya Machakos ilifunguliwa mwaka 2014, wakati Dkt Alfred Mutua alipokuwa gavana wa kwanza wa kaunti hiyo, na kwa kuwa mji uko takriban kilomita 65 kutoka Nairobi, haikuchukua muda kabla ya kuwa kivutio cha familia kutoka jiji kuu, Athi River, Kitui na hata Makueni. Watu huja kwa ajili ya michezo ya watoto, makasri ya kurukia yaliyojazwa hewa, mashua za bwawani na upepo wa milima ya Ukambani. Siku za Krismasi na Pasaka umati huwa mkubwa, na katika umati ndipo kupokezana zamu huwa na maana zaidi.

Kabla ya hapo, watoto wa Nairobi walizoea kwa miaka mingi bembea za Luna Park karibu na Uhuru Park, au wakasubiri maonyesho ya kilimo ya Jamhuri Park. Wa Mombasa nao walisubiri maonyesho ya Mkomani. Tangu jumba la Two Rivers lifunguliwe mwaka 2017 kwenye barabara ya Limuru, gurudumu lake kubwa limewafunza wazazi wengi kwamba mtoto aliyelilia kuja ndiye anayeweza kugoma mlangoni. Huko Zanzibar, viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo kisiwani Unguja na Tibirinzi kisiwani Pemba hufurika siku za Idi, na hapo pia huonekana baba aliyeketi pembeni na mtoto mmoja magotini huku wengine wakipiga kelele za furaha juu.

Kuketi pembeni si jambo dogo katika historia ya burudani hizi. Mmarekani Walt Disney alisimulia kwamba wazo la bustani yake lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi katika bustani ya Griffith mjini Los Angeles, akiwatazama binti zake wakizungushwa bembeani huku yeye akiwa hana la kufanya. Alitamani mahali ambapo wazazi na watoto wangefurahi pamoja. Disneyland ilifunguliwa Julai 17, 1955 huko Anaheim, California.

Hata hivyo, bembea za kasi zilipoongezeka, tatizo la benchi lilirudi. Bustani kubwa za Marekani hatimaye zililitatua kwa utaratibu maalumu. Familia huenda pamoja kwa mhudumu na kumweleza kwamba ina mtoto asiyepanda. Mtu mzima wa kwanza huingia kwenye foleni ya kawaida. Akishuka, wa pili huruhusiwa kuingia kupitia mlango wa karibu bila kupanga foleni upya. Mara nyingi huruhusiwa kuingia na mtu mwingine, hivyo kaka au dada mkubwa huishia kupanda mara mbili. Watoto wakubwa huupenda utaratibu huu kuliko wazazi wao.

Nchini Kenya familia isitarajie kukuta kibao kinachotangaza utaratibu kama huo. Lakini hakuna kinachomzuia mzazi kumwendea mhudumu mapema, kabla foleni haijawa ndefu, na kumwomba kwa adabu: "Tuko wawili na huyu mdogo hapandi. Je, mwenzangu anaweza kuingia mimi nikishuka?" Mhudumu anayeombwa kabla huwa na nafasi ya kufikiri. Anayeombwa katikati ya msukumano, watu hamsini wakimtazama, atakataa, na pengine ana haki ya kukataa.

Iwapo jibu ni la, zamu bado yawezekana. Mtu wa pili hupanga foleni wakati wa kwanza angali juu, na wanapishana mlangoni. Sharti ni moja tu: mtoto akabidhiwe mkono kwa mkono. Asiambiwe asimame kwenye nguzo fulani amsubiri babake "anayekuja sasa hivi". Watoto wengi hupotea katika nafasi hiyo ya dakika mbili, kila mzazi akiamini kwamba mwenzake ndiye aliye naye.

Machakos ina jambo la ziada la kuzingatia, nalo ni maji. Bwawa la Maruba, ambalo ndilo huupatia mji maji, liko hapo hapo. Anayebaki na mtoto asichague kivuli kilicho ukingoni kisha akazama kwenye simu. Wala kazi hiyo asipewe mtoto wa miaka minane au tisa, hata akiwa mwerevu kiasi gani. Huyo pia ni mtoto, na bembea inayopita kichwani pake inamwita. Watakaopanda mashua nao wadai jaketi la kuokolea linalomfaa kila mmoja. La mtu mzima huchomoka mwilini mwa mtoto akitumbukia.

Swali la kwa nini mtoto amekataa linastahili kuulizwa kwa upole, kwa sababu majibu yake hayafanani na kila jibu lina tiba yake. Yupo anayeogopa urefu, na yupo anayeogopa kelele za mashine tu. Huyu wa pili huenda akapanda bembea kubwa zaidi iliyo kimya. Yupo aliyeona mtu akishuka na kutapika. Wengine wana njaa au usingizi, hasa waliotolewa kitandani saa kumi alfajiri.

Wapo pia ambao tumbo lao ndilo linalokataa. Kichefuchefu cha bembea hutokea pale sikio la ndani, ambalo hupima mwendo na mizani ya mwili, linapotuma habari zisizolingana na zile za macho. Watoto walio chini ya miaka miwili husumbuliwa na hali hii kwa nadra, lakini huongezeka miaka ya shule ya msingi. Mtoto anayetapika kila mara ndani ya matatu ana sababu nzuri ya kuogopa gari linalozunguka mahali pamoja. Asilazimishwe, na asipandishwe mara tu baada ya kula vibanzi na soda.

Kisha kuna vipimo vya urefu, ambavyo wazazi wengine hudhani ni ukaidi wa wahudumu. Kimo hupimwa kwa sababu chuma kinachofunga mapajani kimetengenezewa mwili wa ukubwa fulani, na mtoto mfupi huweza kuteleza chini yake. Kwa mfano, treni ya kasi ya Space Mountain huko California humtaka mpandaji awe na angalau sentimita 102, kimo ambacho kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani ni cha kawaida kwa mtoto wa miaka minne. Kufikia kimo hicho ni ruhusa tu. Mtoto wa miaka minne aliyefikia sentimita 102 bado ni wa miaka minne, na hofu yake haipimwi kwa rula.

Kosa ambalo huonekana mara nyingi ni mzazi kuamua kumpakata mtoto aliyekataa, akidhani kifua chake ni kinga ya kutosha. Mwendo wa ghafla huuongeza uzito wa mtoto kuliko mikono inavyoweza kuhimili. Hata wakiketi bega kwa bega chini ya chuma kimoja, chuma hicho hutua kwenye mapaja ya mtu mzima na kuacha mwanya juu ya mtoto. Katika bembea zinazozunguka, miili husukumwa upande wa nje. Kwa hivyo mdogo huketi upande wa ndani ili asibanwe na uzito wa mwenzake.

Na mtoto akibadili nia akiwa ameshafungwa? Mzazi amwite mhudumu kwa sauti na kuinua mkono kabla mashine haijaanza. Ikishaanza, hakuna kufungua mkanda, hata kilio kiwe kikubwa namna gani. Aliyeketi naye amshike mkono na kumhesabia mizunguko.

Makasri ya hewa huchukuliwa kuwa kimbilio salama la walioogopa bembea, na kwa kawaida ndivyo yalivyo, mradi wakubwa na wadogo wasichanganywe na msimamizi awepo. Adui yake ni upepo. Desemba 16, 2021 katika shule moja mjini Devonport, kisiwani Tasmania nchini Australia, upepo uliinua kasri la aina hii na watoto 6 wakafariki. Miongozo ya Uingereza huagiza lisitumike upepo unapozidi kilomita 38 kwa saa. Mzazi hana kipimo cha upepo mfukoni, lakini anaweza kutazama kama kamba zote zimefungwa kwenye vigingi vilivyozama ardhini, na kuwaita wanawe iwapo matawi makubwa ya miti yanayumba.

Kuhusu nani atangulie, yafaa atangulie yule ambaye mtoto humwamini zaidi kwa mambo ya hofu. Mtoto anamwona akipanda, anamwona akipiga kelele, kisha anamwona akirudi mzima na nywele zimetimka. Tamasha hilo fupi hufanya kazi ambayo maneno ya nusu saa hayawezi. Kinachoharibu ni pale mzazi anaposhuka na kuanza kumkejeli mtoto mbele ya nduguze kwa kumwita mwoga. Wahenga walikwisha sema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, ingawa methali hiyo ni nadra kusikika katika foleni za bembea.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia Julai 30, 1990, hutaja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Kifungu cha 12 nacho humpa haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu na maoni hayo kuzingatiwa. Waandishi wa mkataba huo hawakuwa wakifikiria bembea. Lakini mchezo ambao mtoto ameshurutishwa kuucheza huacha kuwa mchezo.

Fedha huleta ugomvi wake. Mtoto mmoja amepanda mara tatu na mwingine hajapanda kitu; je, aliyekataa anadai nini? Njia nafuu ni kutonunua tiketi zote kwa pamoja mlangoni, bali kununua kidogo kidogo kadiri watoto wanavyoamua. Aliyekataa naye apewe nafasi ya kuchagua jambo lake, iwe mashua, aiskrimu au kuchorwa usoni, na lisiitwe zawadi wala adhabu.

Familia inayotaka mchezo usio na tiketi inaweza kwenda Kyamwilu, takriban kilomita 12 kutoka mjini, ambako gari lililoachwa bila gia huonekana likipanda mlima lenyewe na maji yakimwagwa huonekana yakitiririka kuelekea juu. Macho ndiyo yanayodanganywa na mteremko wa ardhi ilivyo kandokando. Watoto walioogopa gurudumu hupenda mno kumwaga maji pale. Wakumbushwe tu kwamba hiyo ni barabara ya umma yenye magari, na zamu hutakiwa hapo pia: mmoja na usukani, mwingine na watoto pembeni.

Mzazi aliye peke yake na watoto wawili, mmoja akitaka na mwingine akikataa, ndiye mwenye kibarua kigumu. Hana wa kupokezana naye, na mhudumu wa bembea si mlezi. Wengi hutatua jambo hili kwa kusafiri na shangazi, nyanya au jirani mwenye watoto, wakikubaliana tangu nyumbani nani atabaki chini saa ngapi. Mama mjamzito naye hubaki chini moja kwa moja, kwa kuwa bembea za kasi zimekatazwa kwake. Sawa na wenye maradhi ya moyo, shingo au mgongo. Asiyeweza kumpata mwenzake achague bembea ambazo mtoto mkubwa huruhusiwa kupanda peke yake huku yeye akisimama kwenye uzio na mdogo, wote watatu wakionana.

Mwisho, isiuzwe wala kugawiwa wengine tiketi ya aliyekataa kabla ya saa kumi na moja jioni. Jua likishapungua, foleni ikishakuwa fupi na wenzake wakishashuka wazima mara nne, si ajabu mtoto yule yule akamvuta babake mkono na kuuliza kama mashine bado haijafungwa.