Vifaranga wa rangi: hila ya wafugaji dhidi ya mwewe

Mgeni katika boma za magharibi mwa Kenya huenda akashangaa kumwona kuku wa kienyeji akiongoza vifaranga wa zambarau au kijani. Huo si ugonjwa wala si aina mpya ya kuku. Ni rangi waliyopakwa na mwenye boma ili mwewe asiwanyakue.

Chwele, mji wa Kaunti ya Bungoma wenye soko kubwa karibu na Mlima Elgon, ni mahali ambapo hasara hiyo inaeleweka vyema. Huko kuku ni karo ya mtoto na ni heshima ya mgeni. Kuku akitotoa 12, si ajabu akabaki na wanne kabla ya miezi miwili kwisha.

Mwewe huwinda kwa macho, na rangi ngeni humtia shaka. Hata hivyo, ndege huona rangi kuliko binadamu, na mwewe aliyekwisha kuonja hasahau. Hila hii basi hununua muda tu. Haichukui nafasi ya tenga wala wavu.

Rangi ya chakula iuzwayo madukani ndiyo ifaayo zaidi. Unyoya, kama nywele na sufu, umejengwa kwa protini iitwayo keratini, nayo hushika rangi hiyo ikitiwa asidi kidogo, mathalan siki au maji ya limau. Ndiyo maana rangi inayotoka kwa urahisi kwenye leso ya pamba hung'ang'ania manyoya. Manjano ya jikoni pia hushika, lakini humrudishia kifaranga rangi ile ile anayoijua mwewe.

Kifaranga hatumbukizwi majini. Wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na akilowa hupoteza joto upesi akafa. Hupakwa mgongoni na mabawani kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo, jua likiwa kali, bila kugusa macho, mdomo wala sehemu ya haja, kisha hukaushwa kabla ya kurudishwa kwa mama. Nyekundu iepukwe: kuku hudonoa chochote kinachofanana na damu. Manyoya mapya yanapoota katika wiki zifuatazo, rangi hupotea na kazi huanza upya.

Wengi hukimbilia dawa ya zambarau ya vidonda, ambayo ni rahisi kupatikana na hukolea vizuri. Hapo pana hatari. Mwaka 2013, kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo ilihitimisha kwamba hakuna kiwango salama kinachoweza kuwekwa cha dawa hiyo katika chakula, kwa kuwa huharibu chembe za urithi na huweza kusababisha saratani. Kifaranga wa leo ni kitoweo cha kesho. Rangi za nywele, rangi za kuta na oili chafu ya magari nazo zisimkaribie.

Manyoya yaliyokwisha kung'olewa hayana uhai wa kulindwa, hivyo huoshwa kwa sabuni na kuwekwa katika maji ya moto yasiyochemka, yenye siki na rangi, hadi yakolee. Ngozi ya mbuzi yenye manyoya haivumilii hayo: ikiwa mbichi, hujikunja ifikapo nyuzi 60 hivi. Hutiwa rangi kwa maji ya uvuguvugu, na huachwa humo kwa saa nyingi zaidi.