Ushauri wa Wasiofahamiana

Ushauri wa wasiofahamiana ni msaada anaopata mtu kwa kumweleza shida yake asiye ndugu wala jirani. Katika maeneo ya chai ya Kericho, ikiwemo Chepseon iliyo kando ya barabara ya kutoka Mau Summit, simu ya mkononi imeupanua msaada huo.

Mfano mmoja nchini Kenya ni Wefarm, kampuni iliyoundwa mwaka 2015. Mkulima alituma swali kwa SMS bila malipo, hata kwa Kiswahili: mbona kuku wanakufa, au majani yananyauka? Mfumo ulilisambaza kwa wakulima wengine, nao wakajibu kutokana na uzoefu wao wenyewe.

Kwa masaibu ya nyumbani au shuleni, watoto hupiga 116, nambari ya bure inayopokewa saa 24.