Jinsi ya kuokoa video za kale zilizokataa kucheza

SANTURI ya arusi iliyorekodiwa mwaka 2003 huenda ndiyo mahali pa pekee ambapo sauti ya nyanya aliyekwisha kufariki ingali inasikika. Ole wake mjukuu anayeiingiza kwenye tarakilishi na kuarifiwa kuwa faili haitambuliki! Hata hivyo, mara nyingi faili yenyewe ni nzima. Kinachokosekana ni programu inayoelewa jinsi ilivyobanwa.

Yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. AVI, MP4 na 3GP ni majina ya kasha tu. Ndani ya kasha mna picha na sauti, kila moja ikiwa imebanwa kwa kanuni yake, yaani kodeki. AVI, iliyoletwa na Microsoft mwaka 1992, huweza kubeba kodeki nyingi, na ndiyo sababu faili moja ya AVI hucheza na nyingine ikagoma. Hivyo basi, kubadilisha mkia wa jina kutoka .avi hadi .mp4 hakugeuzi chochote kilichomo.

Kabla ya yote, nakili santuri kwenye tarakilishi kisha uijaribu kwa VLC, programu isiyolipiwa ambayo huelewa kodeki nyingi za kale. Ikicheza humo, itageuzika.

Santuri za VCD huweka picha katika folda ya MPEGAV, kwenye faili zenye mkia wa .dat. Picha hizo ni za MPEG-1, upana nukta 352 na kimo 288. DVD nayo hutumia MPEG-2, na huikata filamu vipande vya .vob visivyozidi gigabaiti moja. Usivigeuze kimoja kimoja, maana sauti inaweza kukatika katikati ya kiapo. Fungua folda nzima ya VIDEO_TS kwa HandBrake, programu nyingine ya bure.

Chagua MP4 yenye picha za H.264 na sauti ya AAC, mseto unaokubalika kwa takriban simu na runinga zote za leo. Kwenye kipimo cha ubora, RF, weka kati ya 18 na 20. Namba ikipungua, ubora huongezeka na faili hunenepa. Wachezaji ngoma wakionekana na mistari mfano wa meno ya kitana, washa kichujio cha Deinterlace.

Aidha, usiikuze picha. Fundi mmoja alinirejeshea mazishi ya mjomba yakiwa yamekuzwa mara nne, nyuso zote zimegeuka ukungu. Kila mgeuzo hupoteza kitu. Ikiwa ndani ya kasha tayari mna H.264 na AAC, programu ya FFmpeg huzihamishia kwenye MP4 bila kuzibana upya, kwa agizo la -c copy.

Tazama faili mpya mwanzo, katikati na mwisho, ukisikiliza kama midomo inaafikiana na maneno. Hata ukiridhika, ile asili usiifute.