Kutoka Msafara hadi Mnyororo wa Ugavi: Njia ya Bagamoyo na Ujiji katika Historia ya Kiswahili cha Biashara

Ikisiri

Makala haya yanachunguza misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Ujiji kama mfumo kamili wa ugavi. Yanaonesha kwamba mambo ambayo wataalamu wa leo huyataja kuwa msingi wa utendaji wa ugavi yalikwisha kupewa majina katika Kiswahili cha njia ile. Mwishoni yanaitathmini istilahi "mnyororo wa ugavi", ambayo katika eneo letu imebeba kumbukumbu isiyoweza kupuuzwa.

Utangulizi

Somo la usimamizi wa ugavi hufundishwa vyuoni kana kwamba lilizaliwa juzi katika viwanda vya ng'ambo. Ni kweli kwamba jina lake la Kiingereza lilianza kuenea baada ya mshauri wa biashara Keith Oliver kulitumia hadharani mwaka 1982. Kitabu cha Sunil Chopra na Peter Meindl, kinachotumika sana vyuoni, kinataja mambo sita yanayoamua utendaji wa mfumo wa ugavi: vituo, akiba ya bidhaa, usafirishaji, taarifa, uchaguzi wa wagavi, na bei. Kila moja linadai uamuzi uleule mgumu: kumhudumia mteja upesi, au kupunguza gharama.

Mwanafunzi anayeyasoma hayo huenda akaamini kwamba Kiswahili kinaazima dhana nzima, si jina tu. Makala haya yanadai kinyume chake. Dhana hizo zilitembea kwa miguu kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika, na lugha yetu ilitembea pamoja nazo.

Vituo na njia

Njia ya kati ilianzia Bagamoyo, ikapita Ugogo na nyika kame ya Mgunda Mkali, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, na kuishia Ujiji. Kutoka hapo wafanyabiashara walivuka ziwa kwenda Manyema, hadi Nyangwe na Kasongo. Tabora ilikuwa njia panda: upande wa magharibi ni Ujiji, upande wa kaskazini ni Karagwe na Buganda. Huko bidhaa zilihifadhiwa katika matembe zikisubiri wapagazi, na wapagazi walibadilishwa. Kwa lugha ya leo, Tabora ilikuwa kituo cha usambazaji.

Umbali ulikuwa mkubwa. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Tabora Novemba, na Ujiji Februari 1858. Aidha, njia yenyewe haikuwa na uhakika. Vita vya Mirambo dhidi ya Waarabu wa Tabora, vilivyoanza mwaka 1871, viliifunga njia ya kawaida ya kwenda Ujiji. Stanley, aliyekuwa safarini mwaka huo, alilazimika kuzunguka upande wa kusini. Mfumo unaotegemea njia moja huwa mateka wa anayeishika njia hiyo.

Mpagazi na posho

Chombo cha usafirishaji kilikuwa bega la binadamu. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani takribani kilo 32. Msafara uliongozwa na kirangozi, wapagazi wakasimamiwa na wanyapara, na kila mtu alipewa posho ya chakula. Watawala wa maeneo yaliyopitiwa walidai hongo, ambayo wakati huo ilikuwa ushuru uliojulikana na kujadiliwa hadharani, hasa Ugogo ambako wenyeji ndio waliokuwa na visima.

Wapagazi wengi wa njia hii, hususan Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Walijadiliana kuhusu malipo, waligoma, na walipenda kuwa nyumbani majira ya kilimo. Kwa hiyo kasi ya ugavi wote, kuanzia bandari ya Zanzibar hadi soko la Ujiji, ilifuata pia kalenda ya mkulima wa Unyamwezi. Mfanyabiashara asiyelijua hilo alikaa Tabora na pembe zake bila mtu wa kuzibeba.

Maneno haya yameishi kuliko misafara yenyewe. Posho leo ni malipo ya kikao nchini Tanzania, na nchini Uganda ni ugali. Hongo limeporomoka kutoka ushuru wa mtawala hadi rushwa. Mnyapara bado ni msimamizi wa kazi. Historia ya ugavi imehifadhiwa katika vinywa vyetu, ingawa hatuitambui.

Akiba na taarifa

Bidhaa zilizopelekwa bara zilikuwa hasa nguo, shanga na waya. Shanga, nyingi zikitoka Venice, zilikuwa na aina na rangi nyingi, na kila eneo lilikuwa na chaguo lake. Ujiji, shanga ziitwazo sofi zilitumika kama fedha sokoni. Aliyefika na shanga zisizopendwa alikuwa amebeba mawe. Hapa ndipo akiba na taarifa zinapokutana: oda ilibidi itolewe miezi mingi kabla, na ladha ya wanunuzi ingeweza kubadilika msafara ukiwa bado njiani.

Nguo nazo zinatufundisha kuhusu wagavi. Pamba iliyofumwa Marekani ilitawala soko hata ikaitwa merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipunguza vikali nguo hiyo, na nguo za Uingereza na India zikaziba pengo. Jina likabaki, mgavi akabadilika.

Kuhusu amana, mfano ulio wazi ni wa Livingstone. Aliporudi Ujiji Oktoba 1871, akiwa mgonjwa, alikuta bidhaa alizotumiwa zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Bidhaa zilikuwa zimefika. Uaminifu na taarifa ndivyo ambavyo havikufika.

Bei, mkopo na gharama isiyoandikwa

Mzunguko wote uliendeshwa kwa mkopo. Matajiri wa Kihindi wa Zanzibar, kama Taria Topan, waliwakopesha wenye misafara. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikuwa miongoni mwa wateja wake. Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987, ameonesha kwamba bei ya pembe Zanzibar iliendelea kupanda ilhali bei ya nguo zilizoagizwa haikupanda vivyo hivyo. Tofauti hiyo ndiyo iliyosukuma misafara ndani zaidi, hadi Manyema.

Hata hivyo, hesabu ya pembe na nguo haikuonesha gharama zote. Pamoja na wapagazi huru walikuwapo watumwa waliofungwa minyororo shingoni. Kwa kipimo cha faida, misafara mingi ilifanikiwa. Kwa kipimo cha vijiji vilivyochomwa Manyema, mafanikio hayo ni maangamizi. Utendaji wa ugavi hutegemea pia ni gharama ya nani inayohesabiwa.

Hitimisho

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upagazi wa masafa marefu katika njia hii ukafifia. Lugha haikurudi pwani. Ilibaki Ujiji, Kasongo na Bujumbura, na leo ni lugha ya wenyeji wa huko.

Ndiyo maana istilahi "mnyororo wa ugavi" inahitaji kutafakariwa. Katika Kiingereza, sitiari hiyo huashiria pete zilizoshikana. Katika Kiswahili, mnyororo ni pia chuma kilichofungwa katika shingo za watu katika njia ileile iliyokuza ugavi wetu. Sipendekezi istilahi hiyo ifutwe, kwa kuwa imekwisha kuota mizizi. Napendekeza mambo mawili. Kwanza, walimu wa ugavi waanze na msafara: Tabora kabla ya bohari za kisasa, frasila kabla ya kontena. Pili, neno mnyororo lifundishwe pamoja na historia yake, ili mwanafunzi anayepima ufanisi akumbuke kuuliza mzigo huo umebebwa na nani, na kwa ujira gani.